Kinanda cha Kuzungusha na Upigaji Wake katika Barabara za Uholanzi

Katika miji ya Uholanzi huonekana mara kwa mara ala kubwa ya muziki ikisukumwa barabarani juu ya gari la magurudumu. Uso wake umechongwa nakshi na kupakwa rangi nyingi, na mbele husimama vinyago vidogo vya watu wenye kupiga kengele. Nyuma yake yupo mtu mmoja azungushaye gurudumu kubwa kwa mkono, na kandokando ya njia hutembea mwenziwe mwenye kopo la shaba, akiwaendea wapita njia. Waholanzi huiita ala hiyo draaiorgel, yaani kinanda cha kuzungusha, na kwa jina la mitaani pierement. Katika makala haya itaitwa kinanda cha kuzungusha, na sababu za kulichagua jina hilo zitaelezwa mahali pake.

Ala hii huleta swali moja lisilokwepeka. Nyimbo zote zimekwisha kuandikwa kwa matundu katika kitabu cha kadibodi. Kidole cha mtu hakigusi sauti hata moja. Je, azungushaye gurudumu ni mpiga muziki, au ni mtumishi wa mashine tu? Swali hili si la mchezo. Mahali pengi wenye mamlaka wamelijibu kwa kumhesabu mzungushaji kuwa ni ombaomba mwenye makelele, na wakamwondoa njiani. Kwa wenye kuishughulikia lugha ya Kiswahili nalo lina uzito wake, kwa kuwa mtu hawezi kuieleza kazi hiyo kwa Kiswahili pasipo kuchagua kitenzi, na kila kitenzi kimebeba hukumu ndani yake.

Asili na Kuenea

Vinanda vya kuzungusha vilivyotangulia, vile vya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, vilikuwa vidogo. Mtu aliweza kukibeba kinanda chake mgongoni, akaenda nacho mji hata mji. Moyo wa ala hizo ulikuwa gogo la mti lililochongwa mviringo na kupigiliwa vijisumari: kijisumari kifupi kwa sauti fupi, na kipande cha waya kilichokunjwa kwa sauti ndefu. Gogo lilipozunguka, vijisumari viliinua ndimi ndogo, na kila ulimi ulifungua njia ya hewa kwenda katika filimbi yake. Wimbo ulipokwisha, gogo lilisogezwa kando kidogo, safu nyingine ya vijisumari ikawa mbele ya ndimi, na wimbo wa pili ukaanza. Upungufu wake ulikuwa wazi. Gogo moja lilibeba nyimbo chache tu, wala wimbo haukuweza kuwa mrefu kupita mzunguko wa gogo lenyewe. Aliyetaka wimbo mpya hakuwa na budi kupigiliza gogo jipya, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Wazungushaji wengi wa wakati huo walikuwa watu wa hali ya chini. Wataliano waliotoka makwao kutafuta riziki walijulikana sana kwa kazi hii katika miji mikubwa ya Ulaya na Amerika. Na katika nchi kadhaa za Ulaya ya kati askari waliolemaa vitani walipewa ruhusa ya kuzungusha kinanda ili wasife njaa. Hivyo tangu mwanzo ala hii ilifungamana na umaskini, na jambo hilo liliathiri sana namna ilivyotazamwa baadaye.

Mafundi wa vinanda hivi walikusanyika katika mahali pachache. Katika mji wa Waldkirch, kusini-magharibi ya Ujerumani, kazi hiyo ilianza mwanzoni mwa karne ya 19, na jamaa ya Bruder ilijipatia sifa humo kwa vizazi kadhaa. Katika Paris nyumba mashuhuri ilikuwa ile ya Gavioli, iliyoanzishwa na fundi aliyetoka Modena katika Italia. Uholanzi wenyewe hapo kwanza haukuwa nchi ya kuunda vinanda. Ulikuwa nchi ya kuvipiga. Mwaka 1875 Mbelgiji mmoja, Léon Warnies, alianza katika Amsterdam biashara ya kukodisha vinanda. Jambo hilo, ijapokuwa laonekana dogo, ndilo lililoipa kazi hii sura yake ya Kiholanzi. Maskini asiyeweza kununua kinanda aliweza kukikodi na kukirudisha, na mwenye ghala ndiye aliyechukua kazi ya kukitengeneza na kukitafutia nyimbo mpya. Kwa sababu hiyo kinanda kiliweza kuwa kikubwa na cha thamani, ijapokuwa aliyekipiga hakuwa na mali.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1892, wakati Anselme Gavioli alipojipatia hati ya uvumbuzi wa kutumia kitabu cha kadibodi badala ya gogo. Fikira ya kuiamuru mashine kwa matundu ilikuwa imekwisha kutumiwa na wafumaji wa nguo. Tangu mwanzo wa karne ya 19 kitanda cha kufumia cha Mfaransa Jacquard kiliongozwa na kadi zenye matundu. Gavioli aliitia fikira hiyo katika muziki wa barabarani. Kuanzia hapo wimbo uliweza kuwa mrefu kadiri ya kitabu, na wimbo mpya uliopendwa na watu uliweza kusikika barabarani upesi.

Sauti ambayo Waholanzi huitambua kuwa ni yao hasa ilitoka kwa Mjerumani, Carl Frei, aliyezaliwa mwaka 1884 na kufungua karakana katika mji wa Breda mwaka 1920. Frei alipanga safu mbili za filimbi za mti zilizozibwa juu, akazilinganisha kwa tofauti ndogo kabisa. Filimbi mbili zenye kutoa sauti moja, lakini zisizolingana sawasawa, mawimbi yao hugongana, na msikilizaji husikia mtetemo laini kama wa maji yenye kupigwa na upepo. Mtetemo huo, pamoja na uandishi wake wa nyimbo, ukawa ndio mfano ulioigwa na wengine. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia Frei alifanya kazi Waldkirch, akafariki mwaka 1967.

Jinsi Kinanda Kinavyofanya Kazi

Gurudumu linapozungushwa, nguvu ya mkono hugawanyika njia mbili. Njia ya kwanza huenda kwenye mivukuto, ambayo kazi yake haitofautiani na ile ya mivukuto ya mhunzi. Mivukuto hujaza hewa katika mfuko mkubwa wa mti na ngozi uliobanwa na springi, na mfuko huo ndio ghala ya pumzi ya kinanda. Njia ya pili huenda kwenye magurudumu madogo ya mpira yanayokivuta kitabu kipite polepole katika kisomeo.

Kitabu chenyewe ni kadibodi ndefu iliyokunjwa kwa zamu mbele na nyuma, hata ikifungwa hufanana na kitabu cha kawaida. Kwa wimbo wa dakika tatu urefu wake waweza kufikia mita kumi hivi. Hupakwa vanishi ili kistahimili unyevu na kusuguliwa. Katika kisomeo zimepangwa ndimi ndogo za chuma ziitwazo funguo, kila moja mahali pake. Pasipo tundu, kadibodi huukandamiza ufunguo chini. Tundu likifika, ufunguo huinuka, na kuinuka kwake hufungua kijia cha hewa. Hewa hiyo husukuma kiwambo cha ngozi, nacho hufungua mlango wa filimbi. Yote hayo hutendeka kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Tundu fupi hutoa sauti fupi, na mpasuo mrefu hutoa sauti ndefu.

Ukubwa wa kinanda hutajwa kwa hesabu ya funguo zake. Hivyo viko vinanda vya funguo 52, vya 67, vya 72 na vya 90, na vile vidogo vya mkononi vyenye 20 tu. Lakini si kila ufunguo ni wa filimbi. Nyingine hupiga ngoma kubwa na ngoma ndogo. Nyingine huvitikisa vinyago vya mbele. Nyingine tena hufungua na kufunga safu nzima za filimbi, ili sauti ile ile ya wimbo itoke mara kwa filimbi nyororo na mara kwa filimbi kali. Safu hizo zimegawanywa kwa kazi: ziko za sauti kuu ya wimbo, za sauti ya kujibu, za kusindikiza na za chini kabisa.

Hapa yafaa kumtaja mtu ambaye watu wa barabarani hawamwoni, naye ni mwandishi wa kitabu. Kinanda cha barabarani aghalabu hakina sauti zote za ngazi ya muziki. Katika sauti za chini hasa nyingi zimeachwa ili kupunguza uzito na gharama. Mwandishi apewapo wimbo uliotungwa kwa bendi au kwa waimbaji, hawezi kuunakili tu. Hana budi kuuhamisha hata ukae katika sauti zilizopo, kuigeuza mipito isiyowezekana, na kujaza mahali ambapo mwimbaji angeongeza hisia kwa koo lake. Kinanda hakiwezi kuongeza nguvu ya filimbi moja kwa kuipuliza zaidi. Kwa hiyo mwandishi huleta nguvu kwa kuongeza sauti nyingine, kwa mitetemo ya haraka, na kwa kufungua safu mpya. Wenye masikio ya kazi hii huweza kumtambua mwandishi wa kitabu kwa kusikiliza tu, kama vile msomaji wa mashairi amtambuavyo mtunzi kwa mizani na vina vyake.

Kazi ya Mzungushaji

Mtazamaji hudhani ya kuwa kuzungusha ni kazi ya nguvu tu. Huacha kudhani hivyo akipewa gurudumu mwenyewe. Kwa kuwa mkono mmoja hulisha pumzi na pia huvuta kitabu, kila kosa la mkono husikika. Mkono ukisitasita, mwendo wa wimbo huyumba. Mahali ambapo filimbi nyingi hulia pamoja na ngoma, hewa hutumika nyingi na gurudumu huwa zito ghafula. Asiyejua hupungukiwa hapo hapo, na wimbo hudhoofika mahali uliposhauriwa uwe na nguvu. Mzungushaji stadi hukijua kitabu chake. Huliona zito kabla halijafika, akaongeza nguvu mapema pasipo kuongeza kasi.

Mwendo nao umo mkononi mwake. Kitabu huamuru sauti zifuatane vipi, lakini hakiamuru zifuatane upesi kadiri gani. Wimbo wa kucheza dansi wataka mwendo usiobadilika, kwa sababu miguu ya watu imeufuata. Wimbo wa huzuni wataka nafasi ya kupumua. Mwisho wa wimbo wataka kucheleweshwa kidogo, na ucheleweshaji huo ukizidi huharibu, ukikosekana wimbo hukatika kama kamba. Mkono wa mtu hulegea na kukaza pamoja na wimbo, na watu wa Uholanzi walioizoea ala hii husema waziwazi kwamba hutofautisha kinanda kinachozungushwa kwa mkono na kile kinachoendeshwa kwa injini.

Tena iko kazi ya hali ya hewa na ya mahali. Unyevu huvimbisha kadibodi na kulegeza ngozi. Baridi hushusha sauti za filimbi. Mlango wa filimbi moja ukikwama, sauti yake hulia bila kukoma, na mzungushaji hana budi kuitafuta na kuinyamazisha watu wakingali wamesimama. Humpasa pia kuchagua. Njia nyembamba yenye kuta ndefu hurudisha sauti, na uwanja wazi huimeza. Karibu na hospitali au msiba haufai wimbo wa kelele. Penye harusi au soko haufai wimbo wa huzuni. Vitabu vimepangwa katika sanduku, na mkono wenye kuchagua ni wa mtu, si wa mashine.

Kwa hiyo yapasa kutofautisha kinanda hiki na santuri. Santuri huhifadhi sauti yenyewe: Siti binti Saad alipoimba Bombay mwaka 1928, uimbaji wake ule ule ndio uliosikika baadaye Unguja na pwani nzima kila sahani ilipopigwa. Kitabu cha kinanda hakina sauti ndani yake. Kina maagizo tu, na sauti hufanywa upya kila mara, kwa pumzi ya wakati ule, katika filimbi zilizo mbele ya watu. Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili ni ule wa utenzi. Mtunzi ameandika beti zake na kuondoka, hata pengine amekufa miaka mingi; mwimbaji huketi na hati mbele yake, asiongeze neno wala kupunguza. Hapana asemaye kwamba mwimbaji huyo hakuimba kwa kuwa maneno yalikuwa yameandikwa. Mwandishi wa kitabu cha matundu na mzungushaji wamegawana kazi kama mtunzi na mwimbaji walivyogawana.

Mbele ya Watu

Kikundi cha barabarani kwa desturi kilikuwa cha watu wawili au watatu: mmoja kwenye gurudumu, wengine kwenye makopo. Kopo la shaba halikuwa chombo cha kupokelea sarafu tu. Lilitikiswa kwa mapigo ya wimbo, sarafu zikilia ndani yake, hata likawa kama kayamba katika ngoma. Watu wa kazi hii walikuwa na maneno yao. Kitenzi mansen ni kwenda kukusanya fedha za muziki. Na jina pierement latoka katika Bargoens, lugha ya siri ya wachuuzi na watembezi wa Uholanzi, kutokana na kitenzi chenye maana ya kupiga muziki. Vinanda vyenyewe vilipewa majina, kama majahazi yapewavyo majina katika pwani ya Afrika ya Mashariki: kimoja De Arabier, yaani Mwarabu, kingine De Drie Pruiken, yaani Nywele Tatu za Bandia, kingine De Puntkap, yaani Kofia yenye Ncha. Ala yenye jina haihesabiwi kuwa chombo tu. Watu wa mtaa huijua, na hutambua ikiondoka.

Hata hivyo si wote waliopenda. Katika London, Charles Babbage, mwanahisabati aliyebuni mashine ya kuhesabu yenye kuongozwa na kadi za matundu, alikuwa adui mkubwa wa wapiga vinanda wa barabarani, akilalamika kwamba walimharibia saa zake za kazi. Mwaka 1864 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyompa mwenye nyumba katika London haki ya kumwamuru mpiga muziki aondoke karibu na nyumba yake. Lipo jambo la kufikiriwa hapa: mtu aliyeiamini kadi yenye matundu kufanya kazi ya akili hakuwavumilia wapiga vinanda, na miaka ishirini na mmoja baada ya kufa kwake vinanda vyenyewe vilikuja kuongozwa na matundu. Katika New York Meya La Guardia alipiga marufuku vinanda vya barabarani mwaka 1936, akiona kwamba kazi hiyo ni kuomba kwa njia nyingine. Sheria hizi hazikuuliza kama muziki ulipigwa vyema au vibaya. Zilimtazama mpigaji kama mwombaji, na swali la usanii likafungwa kabla halijafunguliwa.

Katika Uholanzi hatari ilikuja kwa njia nyingine. Magari yalijaza barabara. Redio na santuri zilileta muziki ndani ya nyumba. Na baada ya vita vinanda vingi vizuri viliuzwa nchi za ng'ambo. Mwaka 1954 wapenzi wa ala hii waliunda chama cha kuihifadhi, Kring van Draaiorgelvrienden. Mwaka 1956 yalifanyika katika Utrecht maonyesho ya ala zenye kujipiga, nayo yakazaa jumba la makumbusho liitwalo leo Museum Speelklok, lililomo katika kanisa la kale la Buurkerk. Humo vinanda havikuwekwa nyuma ya kioo kimya; hupigwa mbele ya wageni, kwa kuwa kinanda kisichopigwa ngozi yake hukauka na kupasuka. Ujerumani nako, mji wa Waldkirch hufanya sikukuu ya vinanda kila baada ya miaka mitatu, na hata sasa mafundi wa kizazi kipya wameendelea kuunda ala mpya pamoja na kutengeneza za kale. Mwaka 2017 UNESCO iliutia ufundi na muziki wa vinanda vya filimbi vya Ujerumani katika orodha yake ya urithi usioshikika.

Hifadhi hiyo imeokoa ala, lakini si lazima iwe imeokoa kazi. Injini ndogo iliyotiwa katika vinanda vingi ilimwondolea mtu uchovu na kumpa nafasi ya kushika kopo, lakini pia iliuondoa mkono kwenye gurudumu. Siku hizi tena wapita njia wengi hawachukui sarafu mifukoni, na kopo la shaba limepoteza sehemu ya kazi yake. Kinanda husikika zaidi katika siku za shangwe, kama Siku ya Mfalme, ambayo tangu mwaka 2014 kwa kawaida husherehekewa tarehe 27 Aprili, na katika masoko, harusi na sikukuu za mitaa, mahali ambapo mpigaji hulipwa na mwenye sherehe. Hivyo aliyekuwa mtu wa njiani amekuwa mtu wa kualikwa. Riziki yake yaweza kuwa na hakika zaidi, bali wasikilizaji wake ni wengine: zamani kinanda kiliwaendea wasiokwenda katika majumba ya muziki, wakakisikia wakiwa kazini na milangoni mwao.

Majina na Vitenzi

Neno kinanda katika Kiswahili lilikuwa kwanza jina la ala ya nyuzi, kisha likaenezwa hata likashika ala nyingi za kigeni: piano, kinanda cha kanisani, kodiani, na hata santuri. Wako wanaouona upana huo kuwa ni umaskini wa lugha. Ushahidi wa lugha za Ulaya zenyewe wakataa. Wajerumani hukiita kinanda cha kuzungusha Leierkasten, na neno Leier ndani yake ni jina la ala ya nyuzi, ambayo nayo moja ya aina zake ilizungushwa kwa mkono. Katika Madrid neno organillo, ambalo kwa umbo lake ni kinanda kidogo cha filimbi, hutumiwa kwa ala yenye nyuzi zigongwazo kwa nyundo. Wafaransa husema orgue de Barbarie, na maelezo mashuhuri kwamba Barbarie ni jina la fundi mmoja wa Modena lililopotoshwa hayajathibitishwa. Basi kuvuka kwa jina kutoka nyuzi hadi filimbi, au kinyume chake, si kasoro ya Kiswahili. Ndiyo njia ya kawaida ya majina ya ala: watu hutaja kwanza namna ichukuliwavyo na kutumiwa, kabla ya kuuliza ndani yake mna nini. Kinanda cha kuzungusha, kwa hiyo, ni jina lililo wazi na lenye kutosha, wala hapana haja ya kuazima jina la Kiholanzi.

Ugumu zaidi umo katika kitenzi. Wafasiri wengine huandika kucheza kinanda, kwa kufuata lugha ambazo neno moja hutumika kwa mchezo na kwa muziki. Katika Kiswahili sanifu na katika mazungumzo ya pwani, mwenye kucheza ngoma ni yule anayeicheza kwa miguu. Mwenye kuitoa sauti huipiga. Kucheza kinanda basi humfanya msomaji afikiri ama juu ya mchezaji dansi ama juu ya mtoto anayekichezea. Kuzungusha ni sahihi kwa kueleza tendo la mkono, lakini hunyamaza juu ya muziki: mtu aweza kuzungusha gurudumu la kisima vilevile. Kuendesha humfanya mtu kuwa msimamizi wa mashine.

Lipo basi neno kupiga, na nguvu yake yastahili kuangaliwa. Kiswahili husema kupiga ngoma na kupiga zeze, ingawa mkono hufanya mambo mawili tofauti. Husema kupiga pasi, kupiga picha, kupiga simu na kupiga santuri, mahali ambapo hakuna kugonga hata kidogo. Katika matumizi hayo kupiga ni kukitia chombo kazini kwa ustadi unaokihusu, ili kitoe kile kilichokusudiwa. Lugha haikudai kwamba kidole kiguse kila sauti. Imedai tu kwamba yuko mtu, yuko na chombo, na matokeo yametoka kwa kukutana kwao. Kwa kipimo hicho azungushaye kinanda kwa mkono, akipima pumzi na mwendo wa wimbo, hukipiga. Naye ni mpiga kinanda bila ya neno la kuomba radhi. Kinanda kinachovutwa kwa injini, hali mtu amesimama kando, yafaa kusemwa kwamba kinaendeshwa.

Tofauti hii ya vitenzi viwili huonyesha kile ambacho sheria za London na New York hazikukiona. Kitabu cha matundu na filimbi zake vyaweza kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho kwa miaka mingi. Kitu kisichohifadhika humo ni mkono unaojua mahali gurudumu litakapokuwa zito. Huo hupokewa kwa mtu kutoka kwa mtu, na hudumu maadamu wako wenye kupiga na wenye kusimama kusikiliza.